Mwendo wa Mjomba Gizani

Nywele za mjomba zilikuwa nyeusi kuliko siku aliyozaliwa. Weusi wake ulikuwa ule wa kiatu kilichopigwa rangi asubuhi ya mahojiano ya kazi, na kila alipopita mbele ya kioo cha studio aliinua kiganja akazigusa pembeni, upande huu kisha upande ule, taratibu, kama mtu anayehakikisha kofia yake haijaibwa. Wateja walimsifu. Naye aliwajibu kwa sauti ya unyenyekevu wa kujilazimisha kwamba si kitu alichokifanya yeye, ni damu tu. Kwao watu huzikwa na vichwa vya vijana.

Kilichomkanusha kilikuwa humo humo studio, kimevaa aproni. Mpwa wake, binti wa dada yake wa tumbo moja, alikuwa na kishungi cha mvi juu ya paji la uso, upande wa kushoto, tangu alipokuwa chuoni akisomea upigaji picha. Lakini mjomba alikuwa na jibu la hilo pia.

"Hizo umezitoa kwa baba yako," alimwambia mbele ya watu, kama anayempa pole ya msiba. "Kwetu hatuna."

Binti hakubishana wala hakuzipaka chochote. Alizisukuma nyuma pamoja na nyingine akaendelea na kazi, na kwa kuwa kazi yenyewe ilimfungia saa nyingi ndani ya chumba cha giza, mtaa ulimwita Popo. Jina lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata mama yake alipompigia simu siku hizi alianza na hilo.

Chumba cha giza kilikuwa nyuma ya kaunta. Uliingia kwa mlango mmoja, ukaufunga, ukasogeza pazia zito, ukafungua mlango wa pili. Hapo ndipo ulipoikuta dunia ya Popo: sinki, meza ya trei za dawa, mashine ya kukuzia picha, taa nyekundu juu ya kamba ya kuanikia, na rafu zilizojaa chupa na maboksi ya miaka ambayo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuyatupa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha humo, enzi ambazo bado alipenda harufu ya dawa. Siku hizi alipenda vikombe. Alikuwa amegundua kwamba mtu atakayelalamikia picha yake kwenye karatasi, hiyo hiyo ukimwekea kwenye kikombe ataikumbatia, na sasa alikuwa ameagiza mashine kubwa ya kuchapa picha kwenye vikombe. Mashine ilihitaji chumba. Chumba kilikuwepo kimoja.

Popo alipouliza picha za mkanda zitasafishiwa wapi, mjomba alimweleza kwamba picha za mkanda ni za watu wenye muda wa kupoteza, na kwamba hakuna picha siku hizi ambayo simu haiwezi kuipiga. Popo akasema zipo. Alisema polepole tu, lakini ilikuwa adhuhuri, studio imejaa watu wa picha za paspoti, na mjomba hakuwahi kuacha ubishi wenye watazamaji upite hivi hivi.

Akaweka masharti kwa sauti ya mnadi. Kabla mashine haijafika, Popo alete picha moja ambayo simu haiwezi kuipiga, na apatikane mtu mmoja wa mtaa ule atakayeitundika ukutani kwa hiari yake. Akifaulu, chumba ni chake na hakitaguswa. Akishindwa, kitavunjwa.

"Na nyundo nitaishika mimi mwenyewe," mjomba alimalizia, akagusa nywele zake, kushoto kisha kulia.

Watu wa paspoti walicheka. Popo hakucheka, maana alikwisha kukumbuka kilichokuwa kwenye friji ya nyumbani kwa mjomba, alikoishi yeye pia, nyuma ya maziwa.

Ilikuwa mikanda miwili ya filamu ya infraredi. Alipewa na mteja wa zamani, mtafiti wa misitu aliyestaafu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kupiga picha miti ili ajue ipi ina afya na ipi inajifanya. Mke wa mjomba, ambaye Popo alimwita Mama, aliihamisha kila alipoosha friji, na kila mara aliuliza kama hivi vitu vinaliwa au vinasubiri nini. Filamu ile huona mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, mwanga ambao jicho la mtu haliujui kabisa. Majani mabichi huurudisha kwa wingi mno, kwa hiyo kwenye picha mti hutoka mweupe kama umefunikwa kwa pamba, ilhali anga safi la mchana hutoka jeusi. Nyuso za watu hulainika kama maziwa. Ni dunia ile ile, imevua nguo alizozizoea kila mtu.

Ila ina deko. Filamu nyingine za rangi nyeusi na nyeupe unaweza kuzipakia kwenye kamera kivulini ukaomba Mungu. Hii lazima uipakie gizani, giza lenyewe, si la kusinzia. Hata taa nyekundu ni adui yake. Lenzi unailenga kwa macho, kisha unaisogeza kidogo hadi alama ya pembeni, kwa sababu mwanga usioonekana hautui pale unapotua unaoonekana. Mbele ya lenzi unafunga filta nyekundu iliyokoza hadi inakaribia weusi, na ukishaifunga huoni tena unachopiga. Na kipimo cha mwanga hakikusaidii. Unakisia, unapiga, unaongeza muda, unapiga tena.

Popo aliufanya mkanda wa kwanza kwa heshima zote. Aliupakia kwenye kamera ndani ya chumba cha giza, akaenda bustani ya umma iliyo nyuma ya mtaa, akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akapiga miti, benchi, chemchemi isiyotoa maji, na mlinzi wa bustani aliyesimama wima kama anayepigiwa wimbo wa taifa. Alirudi akiwa na roho nyepesi. Mjomba alikuwa kaunta, ameinamia simu yake, na hakuinua kichwa.

Ndani, Popo alifunga milango yote miwili akazima taa. Huwa hafungui mkanda hapo hapo. Husimama kwanza gizani hadi macho yazoee, akitafuta kama kuna ufa wowote unaopitisha mwanga, na kwa kuwa kusimama bure kunachosha, alikuwa na mchezo wake wa kujiliwaza. Alitoa tumbo mbele. Akatembea kutoka sinki hadi kwenye mashine ya kukuzia kwa hatua za mtu anayekagua gwaride, kiganja kikipanda kushoto, kikipanda kulia, na midomo ikisema bila sauti: kwetu hatuna. Akageuka akarudi, safari hii kwa madaha zaidi. Juu ya rafu alihisi wekundu hafifu mno, kama kaa lililokwisha kufa likasahauliwa, lakini alipoutazama ulimpotea. Macho gizani hujitungia mambo. Akafungua mkanda, akauzungusha kwa vidole kwenye kigurudumu chake, akautia ndani ya tangi la chuma, akafunika. Akawasha taa, akamimina dawa.

Alipoutoa, mkanda ulikuwa mweusi tii. Haukuwa na miti, wala benchi, wala mlinzi. Mwanzo hadi mwisho ulikuwa kama lami.

Hakuweza kuuficha, kwa sababu mjomba alikuwa tayari amesimama mlangoni akiulizia matokeo kwa upole wa kutia shaka. Aliuinua mkanda dhidi ya dirisha, akautazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akawaita wateja waliokuwepo waje waone. Kweli, alisema, hii simu haiwezi. Simu ya nani itakubali kupiga picha ndani ya gunia la mkaa? Popo alimwambia tu kwamba bado ana mkanda mmoja.

"Mmoja au mia ni yale yale," mjomba alisema, sasa akiwa amenoga. "Kazi hutaki. Badala ya kuangalia dawa zako umeshughulika kuigiza watu. Na mimi sitembei hivyo, tumbo mbele kama bata mzinga."

Akakohoa kikohozi kisichokuwa na sababu. Kisha akakumbuka ghafla kwamba kuna vikombe vya sampuli havijafutwa vumbi, akaenda kuvifuta.

Popo alibaki na mkanda wake mkononi. Alijaribu kukumbuka ni wapi pengine aliwahi kumuigiza mjomba. Si kaunta, hakuwa na wazimu. Si nyumbani, mbele ya Mama. Si barabarani. Mwendo ule aliutembea mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo mtu akiweka kiganja mbele ya pua yake hakioni.

Aliingia tena chumba cha giza, akafunga, akazima taa. Akatoa simu, hiyo hiyo iliyokuwa inasifiwa, akafungua kamera ya mbele, ile ya kujipiga, ambayo hupenyeza kidogo mwanga usioonekana. Akaizungusha polepole kwenye kuta. Sinki. Trei. Mashine. Rafu ya chini. Rafu ya juu, na hapo, kwenye tundu la boksi kuukuu la dawa, kioo cha simu kilionyesha kundi la nukta za zambarau, zimekaa kama zabibu, zinamtazama.

Ilikuwa kamera ya ulinzi, ukubwa wa yai, ya aina inayoona usiku. Inaona usiku kwa sababu inamulika kwa taa zake yenyewe, taa ambazo jicho halizioni ila filamu ya infraredi inaziona kama jua la saa sita. Kwa hiyo mkanda wake haukuungulia dawani. Uliungulia hapa, mikononi mwake, huku akicheza gwaride. Na kwenye simu ya mjomba, kaunta, gwaride lote limeonekana. Alielewa pia kwa nini imewekwa: mjomba alikuwa akidai kwa watu kwamba mpwa wake huingia gizani kulala, na alitaka kumnasa.

Popo alipandwa na hasira. Angeweza kutoka na lile boksi akalibwaga kaunta mbele ya watu wote. Alifika hadi kwenye pazia. Kisha akaanza kutabasamu, akarudi. Alichukua kopo la bati la biskuti alilowekea vibanio, akamwaga vibanio, akalifunika juu ya kamera. Bati halipitishi kitu. Akapangusa mikono kama mpishi.

Siku zilizofuata zilikuwa na raha yake. Mjomba alikuwa na kamera isiyoona na hakuwa na namna ya kulalamika. Alizunguka mlango ule kama mtu aliyesahau jambo. Mara aliuliza kama humo ndani hakujaingia panya anayesogezasogeza vitu. Mara akasema rafu ya juu inamtia wasiwasi, isije ikamwangukia mtoto wa watu, bora aingie mwenyewe aipange.

"Usijisumbue, Mjomba," Popo alimjibu kwa adabu zote. "Vumbi la mle ukiligusa linaharibu filamu. Kila kitu nimekifunika vizuri."

Mjomba alisema sawa. Alisema sawa huku akimkagua usoni, na usoni hakukuta kitu.

Tatizo lilikuwa sharti la pili. Picha Popo aliiweza sasa. Mtu wa kuitundika hakuwa naye. Fundi cherehani wa jirani alisema kwake ukuta umejaa mitindo. Mlinzi wa bustani alisema yeye hana ukuta. Ndipo mke wa mjomba alipokuja mchana mmoja kuleta chakula, akakaa kwenye kiti cha wateja wa paspoti, akausikia mkasa wote kutoka kwa mumewe, pamoja na gunia la mkaa. Alikuwa mama mtulivu, mwenye nywele zake nyeusi alizozisuka mwenyewe kwa mistari, na alikuwa na tabia ya kusikiliza hadi mwisho ndipo aseme kitu kidogo kinachoharibu hesabu za watu.

Safari hii alisema kwamba tangu aolewe na fundi picha hana hata picha moja amesimama na mumewe. Kila sherehe mume yuko nyuma ya kamera. Watu wakija sebuleni wanaona picha za harusi za watu wengine ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua studio.

"Tupige sisi wawili, bustanini," alimwambia Popo. "Ikitoka nitaitundika mwenyewe, na nataka nione wa kunizuia."

Mjomba hakuzuia. Wateja walikuwa wanasikiliza, na isitoshe aliamini mkanda wa pili utatoka lami kama wa kwanza. Asubuhi ya miadi alijifungia bafuni muda mrefu, akatoka ananukia kitu kikali kidogo chini ya manukato, na nywele zake zikiwa zimekoza kupita kawaida. Wallahi Popo hakuelewa. Alidhani ni sabuni.

Jua lilikuwa kali na anga halina wingu, siku ya filamu ile hasa. Popo aliwasimamisha mbele ya mti mkubwa, akalenga, akasogeza lenzi hadi kwenye alama, akafunga filta, akawa kipofu. Aliwaambia picha itachukua muda kidogo, wasitikisike, hata pumzi waibane. Mama alisimama kama nguzo. Mjomba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwakemea wateja kwa kutikisika, hakuweza kukaa. Mara mkono ulipanda kichwani. Mara aliuliza kama filta ile haijafungwa kinyume. Mara alimwelekeza Popo asimame wapi.

"Mjomba," Popo alisema kutoka nyuma ya kamera, "wewe leo ni mteja."

Mama akacheka kimoyomoyo, akamgeukia mumewe kumtazama alivyokunja uso, na mjomba naye akamtazama, akasahau mkono wake. Popo akabonyeza hapo hapo.

Safari hii, kamera ikiwa chini ya kopo la biskuti, giza lilikuwa giza. Mkanda ulitoka safi. Kwenye negativu, ambako cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, aliona majani yamekoza na anga limekuwa wazi, akaruka kidogo pale pale kwenye sinki. Kichwa cha mjomba nacho kilikuwa kimekoza, lakini nyuma yake kulikuwa na tawi, akadhani ni majani. Aliikausha, akaiweka kwenye mashine ya kukuzia, akawasha taa nyekundu, ambayo karatasi ya picha haiogopi, akaimulikia karatasi, kisha akaizamisha kwenye trei.

Anga lilikuja kwanza, likakolea hadi likawa jeusi kama la juu kabisa, kusikokuwa na hewa. Mti haukuja, ulibaki mweupe, jani kwa jani, kama umewaka kwa ndani. Nyuso zikaja, laini, macho meusi ya kina. Mistari ya nywele za Mama ikaja, myeusi, mmoja mmoja. Popo aliitikisa trei taratibu akingoja nywele za mjomba.

Akangoja. Suti ilikwisha kuja, hata vifungo. Kichwa kilikataa. Alitikisa tena, akainama hadi pua ikakaribia dawa, ndipo alipoacha kungoja. Nywele zilikuwa zimekwisha kuja. Zilikuwa hivyo. Kichwa kizima cha mvi, za fedha huku, nyeupe pe huku, na juu ya paji la uso, upande wa kushoto, kishungi cheupe kuliko vyote.

Piko, ile rangi nyeusi ya nywele, huyaweza macho ya watu. Filamu ile ilikuwa imepita katikati yake kama mtu anayepita kwenye pazia la shanga. Laiti mjomba angejimulika siku moja kwa kamera yake mwenyewe ya usiku, angejua mapema; lakini wanaochungulia huwa hawajichungulii.

Popo alikuwa amekwisha kuitia picha kwenye dawa ya kuigandisha isififie, mkono umefunika mdomo, mlango ulipogongwa. Mjomba aliuliza kama tayari, kwa sababu Mama amekaa kaunta anasubiri. Popo alimfungulia. Aliingia akiwa na kicheko alichokuja nacho kutoka nje, akainamia trei, na kicheko kikamwishia kinywani.

Maji yalidondoka sinki.

Hatimaye mjomba alisema kwamba filamu hii, kama alivyosikia, huweupisha kila kitu. Popo alinyoosha kidole kwenye nywele za Mama. Mjomba akasema labda jua lilimpiga yeye zaidi. Popo akasema jua lilikuwa moja. Mjomba akavuta kiti, akakaa, akapeleka mkono kichwani, akaurudisha kabla haujafika.

"Popo. Mpwa wangu. Damu yangu."

"Damu ipi, Mjomba? Si kwenu hamna?"

Alimeza hiyo. Kisha akaweka biashara mezani, kwa sauti ya chini. Chumba chukua, kuanzia leo. Mashine ya vikombe ataitafutia pahali, hata kama ni mezani kwake. Yeye atatangaza mbele ya watu kwamba ameshindwa. Anachoomba ni kitu kidogo: picha ile iharibike. Mikanda huharibika, kila mtu anajua, si juzi tu imetokea?

Popo aliitazama picha ndani ya trei. Chumba kilikuwa mkononi mwake. Hakuhitaji hata kusogea. Lakini hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Mti ulikuwa unawaka nyuma yao, anga limewaelemea, na katikati watu wawili wanatazamana kama waliokutana pale pale kwa mara ya kwanza. Na mjomba, na mvi zake zote, alikuwa amependeza kuliko alivyowahi kupendeza na rangi.

"Sharti uliliweka wewe," alisema. "Mtu atundike. Mwenye picha yuko kaunta."

"Ukiitoa nje, maneno yangu nimeyafuta. Na yeye akiikataa, na ataikataa, nyundo iko pale pale."

Popo alijua anasema kweli. Mama angeweza kukasirika. Ni mke gani anapenda kuambiwa na karatasi kwamba amedanganywa ndani ya nyumba yake? Aliisuuza picha, akaikung'uta maji, akasukuma mlango wa kwanza kwa bega. Mjomba alimfuata akisema ngoja, ngoja kidogo, kama anayemkimbiza mwizi bila kutaka majirani wasikie.

Kwenye mwanga wa kaunta Mama aliipokea kwa ncha za vidole, kwa kuwa ilikuwa bado mbichi. Aliitazama muda mrefu hivi kwamba mteja mmoja wa paspoti alisimama kuchungulia. Mjomba alikuwa anakagua dari.

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Popo alidhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia, na kilipoipata ilibidi ashike kaunta.

"Wewe baba," alimwambia mumewe alipopata pumzi, "foronya zako ulidhani zinafuliwa na nani?"

Mjomba alirudisha macho darini.

"Miaka yote. Nikaacha kununua nyeupe, nikahamia za kahawia, ili usione aibu. Nikasema ataniambia mwenyewe. Hukuniambia." Akaigeukia picha tena, sasa bila kicheko, akapitisha kidole juu ya kile kichwa bila kukigusa. "Na huyu hapa nilikuwa namtaka siku nyingi."

Kisha macho yake yakahama kutoka kwenye picha hadi kwa Popo, kwenye paji la uso wake, kushoto, yakarudi kwenye picha. Alifanya hivyo kwa utaratibu, ili kila aliyekuwepo afuate. Mteja wa paspoti alifuata, akasema eeh, akakaa.

Mama hakuwa mtu wa kurefusha. Alisema sebule ingoje kidogo. Picha itakaa hapa kwanza, juu ya kaunta, hadi mtaa umalize kuiona. Akavuta droo, akatoa msumari, akatoa na nyundo, akamkabidhi mumewe.

"Si ulisema nyundo utaishika mwenyewe?"

Mjomba aliishika. Akapanda kiti, akapigilia, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli kabla ya vikombe, aliisubiri picha ikauke, akaiweka kwenye fremu, akaitundika, akashuka, akarudi nyuma, akaona imeinama kidogo, akapanda tena kuinyoosha. Alisimama pale akijitazama. Mkono ulipanda kichwani kwa mazoea. Safari hii haukuhakikisha kitu, ulikaa tu.

"Lenzi umeisogeza hadi kwenye alama," alisema bila kugeuka. "Umelenga vizuri."

Mashine ya vikombe ilipofika ilipewa meza ya mjomba, na mjomba akapewa kona. Lakini hayo yalikuwa mbele. Jioni ile ile, kabla ya kufunga, Popo alirudi chumbani mwake kuosha trei. Alihakikisha hakuna filamu iliyobaki wazi. Akafunga milango yote miwili, akazima taa, akapapasa hadi rafu ya juu, akaliondoa kopo la biskuti.

Alingoja kidogo. Kwenye kaunta simu ya mjomba ilitoa mlio mdogo, ule wa kamera iliyoamka.

Popo alitoa tumbo mbele. Akatembea kutoka sinki hadi kwenye mashine ya kukuzia kwa mwendo wa gwaride, kiganja kushoto, kiganja kulia, bila haraka. Alipofika mwisho aligeuka, akaisogelea kamera hadi alipoona ule wekundu hafifu wa kaa lililosahauliwa, akakigusa kishungi chake, na midomo ikasema polepole ili isomeke vizuri: kwetu tunazo.

Ng'ambo ya milango miwili na pazia zito, alimsikia mjomba akijaribu kukohoa, akishindwa, akiangua kicheko, na Mama akiuliza kuna nini kwenye hiyo simu, hebu lete nione.